Kilemba cha Siwema

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani ya masultani na majini. Zamani yangu ni ya juzijuzi tu, simu zilikuwa zimeshafika na umeme ulikuwa ukikatika kama kawaida yake. Basi hapo zamani, mjini Tanga, katika zile barabara zetu zilizopewa namba badala ya majina, aliishi msichana akiitwa Siwema binti Mbaruku. Sogeeni. Anayetafuna muwa atafune polepole, maana mwishoni nitawauliza jambo, na atakayesema hakusikia sitamrudia.

Siwema alikuwa na haja moja moyoni, nayo ni maji. Kwa mama yake ni Handeni, na utotoni alikuwa akimwona bibi yake akiondoka na ndoo alfajiri na kurudi jua limekwisha kuwa kali. Akaapa kwamba atasomea uhandisi wa maji, apende asipende mtu. Ikatokea chuo kimoja huko Uchina kikatangaza nafasi ya masomo hayo kwa vijana wa Tanga. Nafasi moja. Si mbili, wala si moja na nusu. Sharti lake lilikuwa mtihani wa lugha ya Kichina: atakayewapita wenzake ndiye atakayepanda ndege.

Sasa, nyumba ya akina Siwema ina desturi yake, na msipoijua hiyo hamtaelewa kilio cha hadithi hii. Watu wale ni maseremala tangu mababu. Kwao, mwanafunzi akihitimu humfunga fundi wake kilemba mbele za watu, kitambaa kipya cha melimeli, cheupe. Mwenye kufungwa kilemba anaitwa fundi wako mpaka mnazikana. Ndiye anayekuombea dua ya safari, na siku ukirudi, mguu wako wa kwanza unaingia kwake kabla hujaingia kwa mama yako mzazi. Na kilemba ni kimoja. Bi Tunu, mama yake Siwema, hakutaka mchezo katika hilo. "Kilemba hakigawanywi," alikuwa akisema. "Ukikikata vipande vitatu umepata matambara matatu ya kufutia meza."

Haya. Wa kwanza kuingia ni Mwalimu Semkiwa.

Huyu ujana wake alipelekwa Uchina kujifunza mambo ya reli. Akarudi na ufundi wa garimoshi na lugha kinywani. Alipostaafu akaanza kufundisha Kichina barazani kwake, na hakuna aliyemtuma. Siwema alikwenda pale akiwa bado na sare ya shule ya msingi. Mwalimu alimfundisha kuzitambua alama za maandishi ya Kichina moja baada ya nyingine, mwaka baada ya mwaka, mvua na jua. Akiumwa alifundisha amelala kwenye mkeka. Na alikuwa na majivuno yake, tena ya haki. "Kila niliyempeleka kwenye mtihani ule amefaulu," alikuwa akisema huku akikanda magoti. "Kila mmoja. Muulizeni yeyote."

Ni kweli. Lakini mtihani aliokuwa akiujua Mwalimu ulikuwa wa kusoma, kusikiliza na kuchagua jibu. Unaona majibu, unachagua moja, unasonga mbele.

Wa pili kuingia ni Zamoyoni Kaniki, msichana rika lake Siwema, wa mtaa wa pili, mwenye akili kali na ulimi mkali zaidi. Kichina alijifundisha mwenyewe kwa simu, naye alikuwa akiitaka nafasi ileile moja. Siku hiyo Siwema alikuwa akianika nguo. Akaisikia kengele ya baiskeli, na Zamoyoni akashuka kabla baiskeli haijasimama vizuri.

"Mwenzangu, una habari? Mtihani wameubadilisha."

"Wameubadilisha vipi?"

"Mambo ya kuchagua yamepungua. Sasa unaandika kwa mkono wako, unasema kwa mdomo wako, na unafasiri. Nimelisoma tangazo lao kwa macho yangu haya."

Siwema aliliacha shuka linadondosha maji miguuni pake. Akamtazama mwenzake kwa shaka. "Zamoyoni, nafasi ni moja. Kwa nini umekuja kuniambia?"

Zamoyoni akacheka. "Kwa sababu nataka nikushinde. Nikikushinda umelala, watu wa Tanga watanipa sifa gani? Nataka nikushinde uko macho, na wewe mwenyewe useme nimekushinda."

Ndivyo alivyokuwa Zamoyoni. Mwenye kiburi safi.

Siwema akakimbilia kwa Mwalimu. "Shikamoo, Mwalimu. Wanasema mtihani umebadilika."

"Marahaba. Nani wanasema?"

"Zamoyoni amesoma tangazo."

"Zamoyoni!" Mwalimu akavuta pumzi ndefu. "Mwanangu, mimi naandaa watu kwa mtihani huu tangu wewe hujui kusoma. Mtihani haubadiliki, wanaobadilika ni wanafunzi wavivu. Fungua kitabu."

Siwema akafungua kitabu. Angefanya nini? Mtu aliyekufundisha tangu meno ya utoto humwambii kwamba amepitwa. Wiki zikapita, miezi ikapita, na Siwema akawa anachagua majibu huku akiliwaza lile tangazo.

Zamoyoni uvumilivu ukamshinda. Akaja mwenyewe barazani, akaamkia kwa adabu, akasema, "Mwalimu, nakuomba utusikilize kidogo tu. Nitamuuliza Siwema swali kama wanavyouliza siku hizi. Muda ni mfupi, nami nitaushika kwa saa yangu." Mwalimu akakunja mikono, akakubali kwa kidevu. Zamoyoni akauliza kwa Kichina: "Jirani yako ameuguliwa na mama yake. Zungumza naye, umwambie utamsaidiaje."

Siwema akakaa sawasawa, akaanza. Hujambo jirani? Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Watoto je, wanaendelea na shule? Kazi inakwendaje? Habari za tangu juzi? Na shemeji alisharudi safari? Basi tunashukuru. Na habari nyingine?

"Muda umekwisha," akasema Zamoyoni. "Na mgonjwa ameshakufa."

Mwalimu akacheka mpaka kofia ikamteleza. Kisha kicheko kikakatika chenyewe. Siwema alikuwa amemwinamia, anasema taratibu, "Ndivyo ulivyonifundisha, Mwalimu." Na ilikuwa kweli. Alimfundisha Kichina chenye adabu ya Kitanga, salamu mpaka salamu ziishe, na katika maisha hakuna ubaya wowote. Lakini mtihani wa siku hizi unasema na kompyuta, na mashine ile haina shemeji wala watoto, inahesabu muda tu.

Mwalimu akairudisha kofia kichwani. Halafu akasema, "Kesho uje asubuhi. Tutakwenda mahali."

Hapo ndipo anaingia wa tatu. Huyu ni Bi Guo, mama wa Kichina mwenye duka la pampu za maji karibu na soko. Mji mzima unamwita Mama Pampu. Yeye na Mwalimu Semkiwa walikuwa hawasemeshani. Siku moja Bi Guo alimwambia Mwalimu mbele za watu kwamba Kichina chake kinanuka redio ya zamani. Mwalimu akamjibu kwamba Kiswahili chake kinachechemea. Tangu hapo, mmoja akimwona mwenzake upande huu wa barabara, anavuka.

Asubuhi ile Mwalimu alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akamchukua Siwema, akaingia dukani. Wakulima walikuwa wamejaa, wanachagua mipira na koki. Bi Guo akainua macho, akaiweka spana chini.

"Nimekuja kuomba," akasema Mwalimu.

"Wewe unaomba?"

"Naomba. Mtoto huyu nimemfikisha ninapopajua. Mbele ya hapo sipajui. Wewe unapajua. Msimamishe hapa kwenye meza yako, umfungue mdomo."

Aliyasema hayo kwa Kiswahili, kwa sauti, kila mkulima akasikia. Siwema nyuma yake macho yakamjaa machozi. Alimwonea uchungu, na papo hapo akajivunia kuwa mwanafunzi wake kuliko siku zote alizompa alama za juu. Bi Guo akavuta kiti, akakifuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe. "Mwalimu, kaa," akasema.

Kuanzia siku hiyo Siwema akawa mkalimani wa duka la pampu. Na pale, jamani, alikiona cha moto! Mkulima anatoka Korogwe, pampu ameifunga kwenye pikipiki, akifika lazima asalimu. Anasalimu meza, anasalimu ukuta, anauliza biashara, anaeleza mvua, anarudi kwenye harusi ya mwanawe kwa kuwa pampu iliharibika wiki ya harusi. Siwema anageuka na kuanza kumfasiria Bi Guo yote kwa Kichina, tangu salamu.

Bi Guo anagonga meza kwa spana. "Mimi mzima! Yeye mzima! Watoto wazima! Pampu imefanya nini?"

"Samahani, Mama. Haivuti."

"Haivuti maji, au haiwaki?"

"Inawaka, haivuti."

"Basi sema hivyo! Salamu moja, halafu pampu!"

Salamu moja, halafu pampu. Kila siku, salamu moja, halafu pampu. Wakulima wakaingia wakatoka, spana ikagonga, na ulimi wa Siwema ukalainika. Akajifunza kuishika hadithi ndefu ya mzee wa Muheza na kuitoa upande wa pili fupi, kamili, bila kumvunjia mzee heshima. Akajifunza kufasiri hasira za Bi Guo zitoke kwa Kiswahili zikiwa na "tafadhali" ndani yake, na mteja asikimbie. Na tusifiche jambo: Bi Guo hakupata hasara. Mkalimani wake wa zamani alikuwa amehama, na alipokuja Siwema duka lilifurika.

Mchana, duka likifungwa kwa chakula, Zamoyoni anakuja. Naye kazi yake ilikuwa mkono. Siwema alama anazijua akiziona, lakini kuzitoa kichwani na kuziandika, mkono ulikuwa haujui pa kuanzia. Zamoyoni akamtoa nje, kwenye sakafu ya saruji mbele ya duka, jua la Tanga mnalijua. Akampa fimbo iliyofungwa kitambaa mwishoni na kopo la maji. "Andika," akasema. Ukiandika kwa maji pale, jua linakufuta. Ukisitasita, mwanzo wa alama unakauka kabla hujafika mwisho, na unaanza upya.

"Imekauka. Rudia."

"Zamoyoni, nimechoka."

"Mimi nitakupita ukiwa umechoka. Rudia."

Wakarudia. Jua likafuta, wakarudia. Wapita njia wakasimama kutazama wasichana wawili wanaoandika maji yakauke, wakadhani wamerogwa. Lakini mkono wa Siwema ukapata njia, ukaacha kuuliza.

Siku ya mtihani ikafika, wakaenda Dar es Salaam wote wawili, wakakaa chumba kimoja, kila mmoja mbele ya mashine yake. Kusoma, Siwema alipita kama anayetembea barazani kwa Mwalimu. Kuandika, karatasi zikagawiwa, na mkono ukaenda bila kusubiri. Kufasiri, akafasiri kama yuko mezani kwa Bi Guo. Ikaja kusema. Sauti kwenye masikio ikamtaka azungumze na mfanyakazi mwenzake aliyefiwa, amwambie kazi zake zitashikwa na nani. Mdomo ukataka kuanza habari za nyumbani, habari za watoto. Siwema akaikumbuka spana ya Bi Guo. Akatoa pole moja, iliyotoka moyoni, kisha akaingia kwenye jambo lenyewe, akalimaliza, na muda ukabaki.

Majibu yalipotoka, mtaa haukulala njaa, maana pilau ilipikwa kabla hata Bi Tunu hajauliza nani ananunua mchele. Siwema alikuwa wa kwanza Tanga nzima! Wanawake wakapiga vigelegele barabara ya kwetu, barabara ya pili ikaitikia. Na wa pili alikuwa Zamoyoni. Katika kusoma Siwema alipata alama za juu kuliko zote, na Zamoyoni akapata hizohizo. Katika kuandika walilingana kabisa. Katika kusema na kufasiri Siwema alimpita mwenzake kidogo, na kidogo hicho ndicho kilichoichukua nafasi.

Zamoyoni alikuja mwenyewe, akamshika Siwema mabega, akasema, "Umenishinda nikiwa macho." Kisha akageuka upesi, akaenda kusaidia kuosha mchele.

Siku ya safari watu wakakusanyika uani. Bi Tunu akaitoa melimeli, nyeupe, imekunjwa vizuri, akamwekea bintiye mikononi. "Haya, mwanangu. Mfunge fundi wako."

Wakasimama watatu.

Mwalimu Semkiwa akasema, "Kilemba ni changu. Nilimpokea hajui hata kuamkia kwa lugha ile. Kila alama aliyoisoma siku ya mtihani ilipita kwanza kwangu. Angefungua mdomo aseme nini, angeshika kalamu aandike nini, kama mimi sikumjaza? Na nilipofika mwisho wa ujuzi wangu, nilikiri mbele za watu, nikampeleka kwa mtu niliyekuwa nimeapa kutomwomba maji. Huyu ni mwanafunzi wangu wa mwisho. Mtihani umenipita, sitafundisha mwingine. Kilemba ni changu."

Watu wakasema, "Kweli! Apewe!"

Zamoyoni akacheka kidogo kwa uchungu. "Mwalimu, shikamoo yako iko palepale. Lakini ulimchelewesha miezi."

"Nilimchelewesha," akasema Mwalimu. "Silikatai hilo."

Bi Guo akasogea mbele. Alikuwa amechana nywele na kuvaa gauni ambalo hatukuwahi kumwona nalo, na siku hiyo Kiswahili chake hakikuchechemea. "Kilemba ni changu," akasema. "Alama zilizomvusha ni za kusema, na kusema alijifunza mezani kwangu. Nilimpokea anasalimu mpaka kesho, nimemrudisha anasema jambo likaeleweka. Mnasema nilipata mkalimani wa bure. Ndiyo, nilipata. Fundi seremala yupi hafaidiki na mikono ya mwanafunzi wake? Nimewauliza wateja wangu maana ya kilemba. Wameniambia, mtoto akirudi anaanza nyumbani kwangu. Mimi hapa sina mtoto wa kuingia mlangoni kwangu. Nakitaka. Kilemba ni changu."

Watu wakasema, "Kweli! Apewe!" Na Mwalimu Semkiwa akawa miongoni mwao, maana alikuwa mtu wa haki.

Zamoyoni akaja wa mwisho. Hakupandisha sauti. "Kilemba ni changu. Mwalimu alimpa alichokuwa nacho, akabaki nacho. Mama Guo alimpa alichokuwa nacho, akapata na faida. Mimi nilimpa kilichokuwa changu, nacho kimeondoka. Ningeufunga mdomo wangu siku ile anaanika nguo, angekwenda Dar kuchagua majibu kwenye mtihani wa kuandika, na leo sanduku lililofungwa hapa lingekuwa langu. Nilijua, nikasema. Mkono wake niliufundisha mimi, na ni mkono huohuo ulionishinda. Msinihurumie, sikuja kuomba huruma. Mnajua kwamba nilimwambia kwa sababu ya majivuno yangu, nilitaka ushindi wenye jina. Ni sawa. Jambo jema likifanywa kwa majivuno, halikufanywa? Kilemba ni changu."

Hapo watu hawakupiga kelele. Kisha mama mmoja nyuma akasema taratibu, "Kweli. Apewe." Na wote wakaitikia.

Siwema alisimama katikati ya ua, melimeli mikononi. Aliwatazama mmoja mmoja, na kifua kikamjaa fahari. Watu wa fahari kama hawa wanagombea kuitwa fundi wake, yeye mjukuu wa mchota maji wa Handeni! Na fahari hiyohiyo ikamuuma, kwa sababu alijua kwamba atakapomfunga mmoja, wawili watarudi nyumbani vichwa vitupu, na hakuna neno la Kiswahili wala la Kichina litakalowafidia.

"Mama," akasema, "nisaidie."

Bi Tunu akatikisa kichwa. "Mimi nimekileta tu. Mikono ya kukifunga ni yako."

Nje dereva akapiga honi. Siwema akaikunjua melimeli. Mwalimu Semkiwa akavua kofia yake, akainamisha kichwa. Bi Guo, akimtazama Mwalimu, akainamisha chake. Zamoyoni alikawia kidogo, kisha naye akainama. Vichwa vitatu, na kitambaa kimoja. Siwema akapiga hatua mbele, akainua mikono.

Mdomo wangu naufunga hapo, wenu naufungua. Msinivike mimi kilemba cha ukoka kwa kusema wote walistahili, hilo hata Siwema alilijua, na halikumsaidia. Nijibuni kama watu wenye kitambaa mikononi na gari linalowangoja nje. Yule aliyempa lugha, akakiri mwisho wa ujuzi wake? Yule aliyempa ulimi, na ndio ulioshinda? Au yule aliyempa habari, nayo ikamgharimu safari? Je, kati ya hao watatu, ni nani aliyestahili kilemba cha Siwema?